Mgeni wa roboti aanzie kwenye vitalu, tena kwa Kiswahili

Katika mashamba ya Sagalla, jirani na wadi ya Marungu katika Kaunti ya Taita Taveta, kuna ua wa aina yake. Mizinga ya nyuki imening'inizwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, mmoja kila baada ya mita 10, mingine ya kweli na mingine ya bandia, na yote imeunganishwa kwa waya. Tembo akitoka mbuga ya Tsavo usiku, akanusa mahindi na kuusukuma ua kwa kifua, waya hukazika, mizinga hutikisika na nyuki hutoka wamekasirika. Watafiti wa shirika la Save the Elephants wakiongozwa na Lucy King wameuchunguza ua huu kwa miaka mingi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2024 walieleza kwamba, katika misimu ya kilele cha mazao kati ya 2014 na 2020, ulizuia takriban asilimia 86 ya tembo walioukaribia. Mkulima ambaye hajawahi kugusa tarakilishi anaweza kukueleza unavyofanya kazi kwa sentensi moja: kama waya umeguswa, basi mizinga itikisike. Sentensi hiyo ina kihisi, ina sharti na ina kitendo. Ni programu kamili, na mtoto wa Maungu, mji wa wadi ya Marungu, ameijua kabla ya mwalimu yeyote kumwambia kwamba kuna kazi iitwayo kuandika programu.

Naanzia hapo kwa sababu nataka kutetea jambo ambalo wengi hulipuuza. Mwanafunzi anapojiunga na timu ya roboti kwa mara ya kwanza, aanze kuandika programu kwa vitalu vya picha, avipange kwa mkono wake mwenyewe, na vitalu hivyo viwe vya Kiswahili. Jambo hili lina uzito mkubwa sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Mtaala wa umilisi na utendaji umeingiza masomo ya ufundi katika Sekondari Msingi, na programu za picha ni sehemu ya yale ambayo wanafunzi wa ngazi hiyo wanatarajiwa kuyafahamu. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa usimbaji wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili. Maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi, ambamo shule zetu hushindana kuanzia kaunti ndogo, yana kitengo cha roboti. Mlango umeshafunguliwa. Lililobaki ni kuamua mtoto wa shule ya kutwa kando ya barabara kuu ya Mombasa ataingia vipi: akiwa mtendaji, au akiwa mtazamaji wa mwenzake anayejua tayari.

Programu ya vitalu ni nini hasa? Kwenye skrini pana vipande vya rangi, kila kimoja na amri yake: nenda mbele, geuka, subiri, rudia, kama hivi basi vile. Mwanafunzi hukivuta kipande na kukibandika chini ya kingine. Vipande visivyooana havishikani, kwa hiyo hawezi kukosea tahajia wala kusahau nukta. Wazo lenyewe ni la zamani, na aliyelipigania zaidi alizaliwa Afrika. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, aliunda lugha ya Logo mwaka 1967 pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon huko Marekani. Logo iliandikwa kwa maneno, lakini kiini chake kilikuwa kobe, kwanza roboti ya sakafuni na baadaye alama kwenye skrini, aliyetii amri za mtoto huku akichora mstari nyuma yake. Kitabu cha Papert cha mwaka 1980 kiliitwa Mindstorms, na kampuni ya LEGO ililichukua jina hilo mwaka 1998 kwa seti zake za roboti. Wanafunzi wa Papert na waliowafuata ndio waliotuletea Scratch mwaka 2007, kutoka maabara ya MIT, na Scratch ndiyo iliyoweka mtindo wa vitalu ambao leo uko karibu katika kila seti ya roboti ya wanafunzi.

Tazama zoezi moja dogo la kobe, kwa maana humo ndimo ubishi wangu ulimo. Mwanafunzi ameshachora mraba: nenda mbele hatua 100, geuka digrii 90, rudia mara nne. Sasa anaambiwa achore pembetatu yenye pande sawa. Amefundishwa hesabu, anajua kila pembe ya pembetatu hiyo ni digrii 60, basi anabadilisha 90 kuwa 60 na nne kuwa tatu. Anabofya. Kobe anachora mistari mitatu iliyopinda taratibu kama nusu ya bakuli, wala haifungi. Amepata nusu ya umbo la pande sita. Hapo ndipo somo linapoanza. Mwalimu mzuri hamwambii jibu. Humwambia asimame, atembee pembetatu hiyo sakafuni, na afikapo kwenye kona ajiangalie amegeuka kiasi gani. Atagundua kwamba kobe hageuki kwa pembe ya ndani, anageuka kwa pembe ya nje, nayo ni digrii 120. Hesabu aliyoikariri darasani imepata miguu. Na katika zoezi zima hakuna hata mara moja ambapo skrini ilimkemea kwa sababu amesahau mabano au ameandika herufi kubwa mahali pa ndogo. Kosa lililobaki ni la fikra, na ndilo tulilotaka akutane nalo.

Anayeanza kwa lugha ya maandishi hukutana na makosa ya aina mbili kwa wakati mmoja, ya uandishi na ya fikra, na hana njia ya kuyatenganisha. Programu yake ikikataa, hajui kama amewaza vibaya au amechapa vibaya. Mtu mzima mwenye ari huvumilia. Mtoto wa miaka 13 mwenye dakika 40 za zamu kwenye tarakilishi moja inayogawanywa na wenzake wanne huondoka akiamini kwamba yeye si wa mambo haya. Imani hiyo ni hasara kubwa kuliko kuchelewa kujua lugha fulani ya programu, kwa sababu haitibiki upesi.

Kwenye roboti halisi hoja hii inakuwa nzito zaidi, kwa kuwa dunia yenyewe ina vituko vya kutosha. Chukua kazi ambayo karibu kila timu huanza nayo, roboti ifuate mstari mweusi uliobandikwa juu ya ubao mweupe. Kihisi cha mwanga kilichoelekezwa chini hupima mwanga unaorudi. Tuseme juu ya nyeupe kinasoma 80 na juu ya nyeusi kinasoma 10. Mwanafunzi anachukua katikati, 45, na kupanga vitalu vyake: daima, kama mwanga umezidi 45 geukia upande wa mstari, la sivyo geukia upande wa pili. Roboti inatambaa kwa kuyumbayumba kando ya mstari, na darasa linapiga makofi. Kesho yake saa nane mchana jua la Maungu limepenya dirishani na kumwagika juu ya ubao. Nyeusi sasa inasoma juu zaidi, nyeupe nayo imepanda, 45 si katikati tena, na roboti inazunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. Hakuna aliyebadilisha programu. Kilichobadilika ni mwanga wa chumba, na timu inajifunza kupima upya kabla ya kila jaribio badala ya kuiamini namba ya jana. Betri ikishuka, mota hupungua nguvu. Gurudumu likishika vumbi, linateleza. Hayo ndiyo masomo ya roboti, na kichwa cha mwanafunzi kinahitaji nafasi ya kuyapokea. Tukikijaza mabano na nukta-mkato tangu wiki ya kwanza, nafasi hiyo haitakuwapo.

Lipo jambo lingine la vitalu ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha, nalo ni kwamba vinasomeka na kundi. Timu ya roboti si mtu mmoja. Katika mashindano kama FIRST LEGO League, yaliyoanza mwaka 1998, roboti hupewa dakika mbili na nusu tu mezani, na watoto hulazimika kuamua pamoja wafanye lipi kwanza. Lakini katika timu nyingi za wanafunzi mgawanyo wa kazi hujitokeza mapema na kuganda: mmoja mwenye tarakilishi nyumbani anashika kipanya, wawili wanajenga, na waliobaki wanapamba bango na kukariri maelezo ya kuwapa majaji. Mara nyingi wasichana na wageni ndio hujikuta kwenye bango. Mwisho wa mwaka timu ina kikombe, na ina mwanafunzi mmoja anayejua programu, ambaye anahitimu na kuondoka nao ujuzi wake. Vitalu huvunja ukiritimba huo. Programu ikiwa katika rangi na maumbo, ikaonyeshwa kwenye skrini mbele ya watano, kila mmoja anaweza kunyoosha kidole na kusema, hiki kiwe nje ya kile cha kurudia, hiki kimetangulia mapema mno. Haihitaji mtafsiri. Mgeni wa siku ya tatu anaweza kumkosoa mkongwe wa mwaka wa pili akiwa sahihi, na hakuna kinachomjenga mtoto kuliko kuwa sahihi mbele ya wenzake.

Ndiyo maana nasisitiza pia kwamba mgeni avipange mwenyewe. Kanuni yangu kwa walimu walezi ni rahisi: katika mwezi wa kwanza, anayejua zaidi haruhusiwi kugusa kipanya. Akae kando, aulize maswali, ashike mikono nyuma. Ataona ni mateso, kwa kuwa angemaliza kazi hiyo kwa dakika mbili na mwenzake anachukua ishirini. Lakini mtu hafunzwi kusuka mkeka kwa kutazama vidole vya fundi.

Nije kwenye lugha. Scratch inapatikana kwa Kiswahili. Mtumiaji anachagua lugha na vitalu vyote vinabadilika. Ni jambo la ajabu kwamba shule nyingi zinazokitumia chombo hiki hazijawahi kubofya hapo. Marungu ni mahali penye lugha nyingi. Kuna Wasagalla na Wadawida, kuna Waduruma, kuna Wakamba, kuna familia zilizofuata barabara na reli na kukaa, na mji wa Maungu wenyewe umekuzwa na madereva wa malori wa kila kabila. Lugha inayowakutanisha watoto hawa uwanjani ni Kiswahili. Wanapobishana kuhusu mpira, kuhusu zamu ya maji, kuhusu nani alianza ugomvi, wanatumia “kama”, “mpaka”, “kila mara”, “la sivyo” bila kufikiri. Hayo ndiyo maneno ya programu. Kumtaka mtoto ayaache na ayatafute kwa Kiingereza kabla hajaelewa yanafanya nini ni kumwekea kizingiti kisicho na faida. Na hili limepimwa. Mwaka 2017 Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walichapisha uchunguzi wa watumiaji wachanga wa Scratch katika nchi kadhaa zisizozungumza Kiingereza. Waliotumia vitalu vya lugha inayotawala nchini kwao walionyesha dhana mpya za programu kwa kasi zaidi kuliko wenzao wa nchi hizo hizo waliotumia vitalu vya Kiingereza. Uchunguzi huo haukufanywa kwetu, na Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mtoto wa Taita. Hata hivyo, kwa wengi wao kiko karibu na fikra kuliko Kiingereza cha kitabuni.

Atakuja mzazi na kuniambia kwamba mitihani ni ya Kiingereza, kazi ni za Kiingereza, na lugha ya programu ya Python haina Kiswahili. Ni kweli. Lakini anayetoka kwenye vitalu vya Kiswahili akiwa ameelewa kurudia na sharti anahitaji kujifunza maneno machache tu ya Kiingereza ili kuendelea. Maneno yanayobeba uzani wa programu ya kwanza hayafiki ishirini. Kinyume chake, anayeyakariri maneno hayo ishirini bila kuelewa kinachotendeka atabaki nayo kama mtu mwenye funguo za nyumba asiyoijua. Lugha ya kigeni ikija juu ya dhana iliyokomaa, inashika haraka.

Pingamizi la pili lina wafuasi wengi hata miongoni mwa walimu wa tarakilishi: kwamba vitalu ni mchezo wa watoto, wahandisi wa kweli wanaandika. Anayesema hivyo hajaingia kwenye chumba cha udhibiti wa kiwanda. Mitambo ya viwanda duniani kote, ya saruji, ya vinywaji, ya kusafisha maji, huendeshwa na vidhibiti ambavyo mafundi umeme huvipangia kazi kwa michoro ya ngazi, yaani mistari miwili ya wima iliyounganishwa na vidato, kila kidato kikiwa sharti na matokeo yake. Mtindo huo ulichukuliwa kutoka michoro ya nyaya ambayo mafundi walishaizoea, ili fundi asilazimike kujifunza upya namna ya kufikiri, na umekubaliwa katika kiwango cha kimataifa tangu mwaka 1993. Kampuni ya National Instruments ilitoa LabVIEW mwaka 1986, chombo ambacho kwacho mhandisi huunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini na kupata programu ya kupimia na kudhibiti. Kituo cha utafiti cha CERN kilikitumia katika mitambo ya mgongano wa chembe chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa. Programu iliyokuja na LEGO Mindstorms NXT mwaka 2006 ilijengwa juu ya LabVIEW hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeunganisha vitalu vya picha anajizoeza njia ambayo fundi wa kiwanda anaifanyia kazi kila siku. Kwa kijana wa Voi anayeweza kuishia chuo cha ufundi kabla ya chuo kikuu, hilo ni jambo la maana sana.

Kuna pingamizi la tatu, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Mwaka 2011 watafiti wa Israeli, Orni Meerbaum-Salant, Michal Armoni na Mordechai Ben-Ari, walionyesha kwamba wanafunzi wa Scratch huota tabia mbaya. Wanarundika vitalu bila mpango na kutazama kinachotokea, na wanakatakata programu kuwa vipande vidogo vidogo vinavyoanza kila kimoja peke yake, mpaka hakuna anayeweza kuufuata mtiririko. Ukitazama timu changa kwa saa moja utaiona tabia hiyo. Roboti ikienda mrama, mtoto anabadilisha namba, anajaribu, anabadilisha tena, mara thelathini, bila kujiuliza kwa nini. Urahisi wa vitalu unamruhusu. Lakini dawa yake inajulikana na haina gharama: kabla ya kugusa skrini, timu iandike kwenye karatasi, kwa Kiswahili, roboti itafanya nini hatua kwa hatua, na kabla ya kila jaribio mmoja aseme kwa sauti anatarajia nini kitokee. Jaribio lisilo na utabiri lisihesabiwe. Isitoshe, watafiti hao hao waliendelea kufuatilia, na mwaka 2015 waliripoti kwamba wanafunzi waliokuwa wamejifunza Scratch walipofika sekondari na kukutana na lugha za maandishi walihitaji muda mfupi zaidi kuzielewa mada, na walikuwa na ari zaidi, ingawa mwishoni alama zao hazikutofautiana sana na za wenzao. Huko Chicago, David Weintrop na Uri Wilensky walilinganisha madarasa mawili ya sekondari kwa wiki tano, moja la vitalu na moja la maandishi. Darasa la vitalu lilipata maendeleo makubwa zaidi na hamu zaidi ya kuendelea na somo. Kisha madarasa yote mawili yakahamia lugha ya maandishi ya Java, na baada ya wiki kumi tofauti ya alama ilikuwa imetoweka. Nazisoma tafiti hizi hivi: vitalu havimpi mtoto ubingwa wa milele, wala havimcheleweshi hata siku moja. Vinachomwongezea ni kubaki. Na mahali ambapo timu inapoteza nusu ya wanachama wake kabla ya muhula kwisha, kubaki ndiko kunakotakiwa.

Sisemi akae kwenye vitalu mpaka amalize shule. Ipo siku vitalu vinabana. Programu inakuwa ndefu kuliko skrini, na mwanafunzi mwenyewe anaanza kulalamika kwamba kuvuta kipande ni polepole kuliko kuchapa. Malalamiko hayo ni dalili njema na mwalimu ayasubiri. Kumhamisha kabla hajalalamika, kwa kuwa mgeni fulani amekuja kutoka Nairobi na kusema shule za kisasa zinaandika Python, ni kuchuma embe changa.

Mwisho kuna swali la gharama, na mtu wa Marungu ana haki ya kuliuliza kwa ukali. Wadi hii ni kame. Mvua ikikosa, wanafunzi wanakuja shuleni na njaa, na vidumu vya maji vinashindana na vitabu. Roboti za nini? Seti kamili ya kampuni kubwa, kama SPIKE Prime ya LEGO, imekuwa ikizidi Sh50,000 kabla ya usafirishaji na ushuru, na shule ikiinunua inajifunga kwa mtengenezaji anayeweza kuacha kuiunda wakati wowote, kama LEGO ilivyoachana na Mindstorms mwishoni mwa 2022. Hoja hiyo naikubali, na ndiyo inayonisukuma kwenye vitalu zaidi. Kobe wa skrini hahitaji roboti. Scratch ni ya bure, na ikishapakuliwa mara moja hufanya kazi bila intaneti. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma chini ya mpango wa kidijitali. Pale ambapo vifaa hivyo bado vinawaka na vina uwezo, vitumike, vitolewe kwenye makabati yaliyofungwa kwa kufuli. Bodi ndogo kama micro:bit, ambayo nayo hupangwa kwa vitalu, haifiki Sh5,000, na ina kihisi cha mwendo, cha joto na cha mwanga ndani yake. Ukiiunganisha na mota mbili kupitia bodi ya kuendeshea mota, na betri, umepata roboti. Nchini Uganda, Fundi Bots, shirika lililoanzishwa na Solomon King Benge mwaka 2011, limeonyesha kwamba roboti zinaweza kuwa njia ya kufundishia sayansi katika shule za kawaida bila kuzingoja ziwe tajiri kwanza.

Kinachokosekana zaidi ni mwalimu aliyepewa muda. Mwalimu wa Sekondari Msingi anafundisha masomo ambayo mengine hakuyasomea, na kumwongezea roboti jioni bila malipo wala mafunzo ni kumwonea. Hapa Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta na kuna Taasisi ya Teknolojia ya Pwani. Wanafunzi wao wa uhandisi na tarakilishi wangeweza kupangiwa shule za wadi za Marungu na Kasigau kwa siku moja kila wiki, na kazi hiyo ihesabiwe katika mafunzo yao ya nyanjani. Hazina ya maendeleo ya eneobunge hujenga madarasa, na inaweza kununua bodi ishirini kwa fedha ndogo kuliko choo kimoja cha shule. Mambo haya yanawezekana ndani ya mwaka mmoja wa fedha, na ningependa kumsikia mgombea yeyote wa kiti cha eneo hili akiyataja kwa namba.

Timu ya roboti ya shule ikishaundwa, isitafutiwe kazi ya mbali; ipo kwenye ua wa nyuki wa Sagalla. Utafiti ule wa nyuki ulisema jambo moja ambalo halikupata makofi mengi. Baada ya ukame wa mwaka 2017, mizinga yenye nyuki ilipungua kwa asilimia 75, na makundi yalichukua miaka mitatu kurudi. Waya ulikuwa pale pale, nguzo zilikuwa pale pale, tembo waliendelea kuja, ila mizinga mingi ilikuwa mitupu. Kwa lugha ya vitalu, sharti lilitimia na kitendo hakikutokea. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 aliyeshinda mwezi mzima akipima mwanga juu ya ubao ana uwezo wa kuliona pengo hilo na kupendekeza kitalu cha pili: bodi ndogo kwenye waya, kihisi cha mtikisiko, na mstari unaosema kama waya umeguswa na mzinga una nyuki, acha nyuki wafanye kazi yao, la sivyo, piga kengele kwa mwenye shamba.